Maji ya Kila Jumamosi

Katika mtaa wetu kule Uthiru hapakuwa na gari safi kuliko la Mzee. Sote tulimwita hivyo tu, Mzee, kwa kuwa alitupita kwa umri na kwa utaratibu: karani wa benki aliyestaafu, mtu wa risiti na kalamu mfukoni. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Fielder la rangi ya fedha, lililotoka Japani likiwa linakaribia miaka 8, umri ambao gari kuukuu likiupita haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Tangu alinunue, hakuna mkono mwingine uliowahi kuliosha.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mtu anayelitunza gari lake mwenyewe. Maisha yamepanda, na kazi nyingi za gari hazihitaji zaidi ya spana chache, kitambaa na subira. Mzee alikuwa wa kuigwa. Aliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga aliouondoa kwenye rangi usirudi kuikwaruza. Hakutumia sabuni ya unga ya kufulia, maana ile humaliza ung'avu wa rangi. Alianza na paa akamaliza na magurudumu, akakausha kabla jua halijapanda, kwa sababu maji ya kisima tunayoyategemea siku za mgao huacha madoa meupe yakikaukia juu ya bodi. Upepo wa matairi aliupima asubuhi kabla gari halijatembea. Chujio la hewa alilitoa, akalikung'uta, na lilipochoka akanunua jipya.

Oili alibadilisha mwenyewe pia, gari likiwa limeegemea stendi za chuma. Hakuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Chujio la oili alilifuata Kirinyaga Road, ile barabara ya spea katikati ya jiji ambayo wengi bado wanaiita Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan aliyemiliki ardhi upande ule. Alikwenda na chujio kuukuu mkononi ili alilinganishe na jipya, ukubwa na nyuzi za skrubu, kabla ya kutoa pesa. Oili chafu aliirudisha kwenye mtungi, akampelekea fundi anayewauzia wakusanyaji. Hakuimwaga mtaroni. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita huku kwetu magharibi kabla ya kufika kando ya hiyohiyo Kirinyaga Road, kisha maji yake huingia Athi na hatimaye kumwagika baharini karibu na Malindi. Mzee aliwaeleza vijana wa mtaa jambo hilo mara kwa mara, nao walimsikiliza.

Lakini kila Jumamosi, baada ya kuosha nje, alifungua boneti akafanya mambo mawili ambayo hakuna aliyeyatilia shaka, hata sisi tuliosimama pale na vikombe vyetu vya chai.

La kwanza, alifuta injini. Alikuwa na kitambaa, brashi kuukuu ya meno na mafuta ya taa kidogo kwenye kopo. Upande wa mkanda, chini kidogo, palikuwa na utando mwembamba mkavu wa rangi ya waridi iliyopauka. Ukiupitishia kidole ulikatika ukawa unga. Aliusugua hadi chuma kikang'aa. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umerudi, naye akausugua tena. Aliuhesabu kuwa vumbi la barabara. Vumbi la Uthiru ni jekundu, na halichagui mahali pa kutua. Lingekuwa vumbi, lingeenea injini nzima.

La pili, aliongeza maji. Tangi dogo la pembeni la rejeta lina mistari miwili, wa juu na wa chini. Mzee aliangalia, akaona maji yameshuka, akajaza kutoka bombani mpaka mstari wa juu. Kisha akaandika kwenye daftari lake la gari, alilolifungua siku aliyolinunua, tarehe na kazi aliyoifanya.

Hali ikaendelea hivyo hadi Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi. Alikuwa ametoka mjini na mkewe, kwenye shughuli za pensheni. Wakapita Museum Hill, Westlands, wakaingia Waiyaki Way saa ambayo kila mtu anarudi nyumbani. Anayeijua barabara ile anajua inavyokwenda: unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena, na muda wote unapanda mlima bila kuuhisi. Stesheni ya reli ya Nairobi iko takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Kufika Limuru umepita mita 2,200. Gari likiwa kwenye foleni halipati upepo wa mwendo, linategemea feni tu kuipoza rejeta, na hapohapo injini inafanya kazi ya kupandisha mlima.

Karibu na makutano ya James Gichuru taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Magari mengi ya aina ile hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayoonyesha injini bado baridi, na nyekundu inayoonyesha imezidi moto. Kati ya hizo mbili hakuna onyo lolote, kwa hiyo nyekundu ikiwaka, ujue umechelewa tayari. Tena kipimo cha joto hufanya kazi vizuri kikiwa kimezama kwenye maji. Maji yakipungua mno, kipimo kinabaki kwenye mvuke na taa inaweza kuchelewa zaidi.

Mkewe aliiona. "Baba, hiyo taa ni ya nini?"

"Ni maji," akasema. "Tutaongeza tukifika."

Akaendelea kuendesha. Injini ikaanza kugonga, mvuke ukatoka kandokando ya boneti, na alipofika Kangemi gari likamshinda. Akalitoa kando ya barabara. Akachukua kitambaa na chupa ya maji ya kunywa, akafungua boneti. Kijana mmoja wa bodaboda akamwona anashika kifuniko cha rejeta.

"Mzee, wacha ipoe kwanza!"

"Inataka maji tu, kijana wangu."

Akakisukuma chini, akakizungusha.

Hapa nataka tusimame, kwa sababu watu wengi wanajua kwamba rejeta ya moto huunguza lakini hawajui ni kwa nini huunguza vile. Mombasa maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 100. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Injini ya petroli ikiwa na afya hukaa kati ya nyuzi 85 na 95. Maana yake ni kwamba, lau rejeta ingekuwa chombo kilicho wazi chenye maji matupu, gari lolote la Nairobi lingechemka kila siku bila ubovu wowote. Vitu viwili ndivyo vinavyozuia. Kimoja ni kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji, ambayo hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Cha pili ni kifuniko. Namba iliyochapwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, ni shinikizo ambalo springi yake hulizuia ndani. Chini ya shinikizo hilo hata maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzi 115.

Basi fikiria maji yaliyofika nyuzi 105 au 110, yametulia kwa sababu tu yamefungiwa. Kifuniko kinapozungushwa, shinikizo linaondoka mara moja, na maji yanajikuta yamepita mbali kiwango chake cha kuchemka. Sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyochukuliwa na maji. Njia ya kutokea ni moja, nayo inatazama uso wa aliyeinama.

Mzee alivaa miwani. Ndiyo iliyomwokolea macho. Mkono wa kulia, shingo na shavu viliungua.

Watu wakamzunguka, na mmoja akaja mbio na dawa ya meno, maana ndivyo tulivyozoea: dawa ya meno, ute wa yai, hata siagi. Ashukuriwe mama mboga aliyewasukuma kando, akamvua saa kabla mkono haujavimba, akaanza kumwagia maji safi ya mtungi polepole, na mtungi ulipokwisha akaagiza mwingine. Kidonda cha moto hutiwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi kisichoshika ngozi, na mtu hupelekwa hospitali. Dawa ya meno na siagi hufungia joto ndani ya ngozi na kumpa daktari kazi ya kuvisugua upya. Waliomtibu walisema yale maji ya kwanza yalimsaidia sana. Hata hivyo alilala hospitali, na mkono wake hadi leo haunyooki sawasawa.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi. Nilikwenda na mtoto wa Mzee, kwa niaba ya baba yake. Fundi akafungua, akamulika kwa tochi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo limenikaa: "Pampu ya maji imevuja miezi na miezi. Mbona hapa nje hakuna alama hata moja?"

Hakukuwa na alama kwa sababu zilifutwa kila wiki.

Pampu ya maji ina shafti fupi inayozungushwa na mkanda wa injini, na ndani yake mna sili inayozuia kulanti isifuate shafti hiyo hadi nje. Waliounda pampu walijua kwamba sili itachoka siku moja. Wakaacha kitundu kidogo chini ya shafti, kwa makusudi kabisa, ili uchovu ukianza, kulanti itoke pale na mwenye gari aione. Inatoka ya moto, maji yanakauka, yanabaki masalia ya dawa yenye rangi ileile ya kulanti. Kwenye Toyota nyingi rangi hiyo ni waridi. Ule utando ulikuwa taarifa iliyoandikwa na waundaji kwa ajili ya mtu wa aina ya Mzee hasa, mtu anayefungua boneti lake kila wiki. Naye alifanya kama mgonjwa anayekohoa damu usiku, akafua leso asubuhi kabla ya kwenda kwa daktari.

Maji ya bomba nayo yalifanya yao. Kulanti ya kiwandani kwenye magari hayo imetengenezwa kudumu sana. Toyota husema ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, halafu kila kilomita 80,000. Ila kila alipojaza maji matupu, Mzee aliipunguza nguvu. Rangi ya tangini ilikuwa imefifia hadi kufanana na maji ya kusuuzia nyama, mkewe alikumbuka baadaye, lakini hakuna aliyejua kwamba rangi inayofifia ni kinga inayokwisha. Kutu ikaanza ndani, madini ya maji hayo yakaganda kwenye mirija myembamba ya rejeta, chembe za kutu zikaisaga sili iliyokuwa tayari imechoka. Kadiri alivyojaza ndivyo pampu ilivyovuja, na kadiri ilivyovuja ndivyo alivyojaza. Halafu ule mwendo wa kutoka James Gichuru hadi Kangemi taa ikiwa nyekundu ukamalizia. Hedi ya injini ile ni ya aluminiamu. Ikizidi moto hujipinda, gasketi yake huungua, na maji huingia kwenye silinda na kwenye oili. Injini haikutengenezeka. Pampu pekee, ingegunduliwa mapema, ingekuwa kazi ya nusu siku.

Siku niliyomtembelea nyumbani akiwa na bendeji, Mzee aliomba daftari lake aletewe. Alilifungua mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Hati ilikuwa nzuri ya kikarani, mistari imepigwa kwa rula. Mwanzoni, kwenye safu ya rejeta, palikuwa na neno "sawa" kurasa nzima. Kisha "maji, kikombe". Kisha "kikombe" kila wiki. Baada ya hapo "nusu lita". Ukurasa wa mwisho ulikuwa "lita 1", "lita 1", "lita 1 na nusu". Alipitisha kidole chini ya safu ile, akasema kwamba maisha yake yote kazini, akaunti inayopungua bila mwenyewe kutoa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza pesa zinakwenda wapi.

Hilo ndilo ninalowaomba wote wanaoosha na kutengeneza magari yao uani, kuanzia Kawangware hadi Loresho: lisomeni gari kabla ya kulifuta. Mfumo wa rejeta umefungwa. Gari lenye afya linaweza kukaa miezi bila kuhitaji hata kikombe. Ukijaza mara moja, weka alama ya kalamu ubavuni mwa tangi, asubuhi injini ikiwa baridi, kisha uangalie tena baada ya wiki. Maji yakiwa chini ya alama ile, usijaze tu ukaondoka. Yanatoka mahali.

Kujua mahali si kazi ngumu. Usiku tandaza katoni safi chini ya injini. Asubuhi doa la waridi, kijani au buluu lenye harufu tamutamu ni kulanti. Jeusi au la kahawia ni oili. Jekundu la mafuta mara nyingi ni la giaboksi au la usukani. Maji yasiyo na rangi wala harufu ni ya kiyoyozi, yasikutie hofu. Katoni ikiwa kavu na maji yanapungua, tafuta ndani: zulia la abiria wa mbele limelowa, oili imegeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti au chini ya kifuniko chake, moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikipata moto. Utando ukiuona kwenye kiungo cha bomba au karibu na pampu, upige picha kwa simu kabla ya kuugusa, na picha hiyo ndiyo umpe fundi.

Injini isipigwe maji ya presha nyumbani. Maji huingia kwenye altaneta na kwenye mashimo ya plagi, na gari lililoingia uani likiwaka hukataa kuwaka. Brashi kavu na kitambaa chenye unyevu vinatosha. Wala usisafishie petroli. Moto wa uani hauhitaji zaidi ya cheche ya betri.

Kulanti iliyomwagika iondolewe mara moja na sakafu isuuzwe vizuri. Nyingi zina glikoli, ambayo ni tamu mdomoni na ni sumu kali ya figo, na mbwa, paka au mtoto anayetambaa atailamba bila kusita. Mtungi wake uwekwe juu, na usiwe chupa ya soda.

Na taa nyekundu ikiwaka ukiwa barabarani, usingoje ufike. Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho pamoja na madirisha, maana hita huchota joto la injini, na utoke kando ya barabara kwenye nafasi ya kwanza unayoipata. Zima injini. Weka pembetatu za tahadhari. Boneti unaweza kulifungua mvuke ukishatulia, lakini kifuniko cha rejeta kiache kabisa, na cha tangi pia. Kaa nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la rejeta ukiligusa kwa nyuma ya mkono halikuchomi na ukiliminya linalegea. Halafu mpigie fundi, umwambie taa ilipowaka na umbali uliotembea baada ya hapo. Usimfiche hata mita moja ya umbali huo, kwa sababu ndio utakaomwonyesha kama ataanza na pampu au na hedi.